Digrii ya biolojia na kazi za afya Uganda: panga kabla ya kujaza fomu

Matokeo ya S6 (kidato cha sita) yakitoka tu, simu yangu haipumziki. Nilikulia kambi ya polisi, na mtoto wa kambini akishakuita shangazi basi umekuwa shangazi yake, kwa hiyo wananipigia hata wale nisiowajua sura. Swali ni lilelile: "Shangazi, pointi za udaktari sikufikisha, nimepata biolojia. Nikimaliza si watanipokea udaktari mwaka wa tatu?"

Hapana. Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa mwaka mzima, ndiyo maana nayaandika haya.

Kosa linatoka kwenye intaneti. Ukitafuta habari za biolojia na udaktari unaletewa kurasa za Marekani, na kwa huko ni kweli: kijana husoma digrii ya kwanza miaka 4, mara nyingi ya biolojia, hufanya mtihani unaoitwa MCAT, ndipo aanze chuo cha udaktari, miaka mingine 4. Kwetu Uganda udaktari ndiyo digrii ya kwanza. Unatoka S6, unasoma miaka 5, unamaliza na mwaka mmoja wa kazi chini ya uangalizi hospitalini. Digrii ya biolojia, ambayo kwa kawaida ni miaka 3, haipo kwenye njia hiyo kabisa. Inayo njia yake, na kuna kazi nzuri kwenye njia hiyo, lakini usiipande kama mtu aliyekosea teksi.

Hatua ya 1: Uliza kazi unayoitaka inasimamiwa na baraza gani

Anza hapa, hata kabla ya pointi. Kazi za afya nchini ziko za aina mbili: zile ambazo sheria inataka uwe umesajiliwa, na zile ambazo mwajiri anaangalia tu kama unaweza kuifanya kazi.

Madaktari na madaktari wa meno wana baraza lao. Wauguzi na wakunga wana lao. Wafamasia wana chombo chao. Kisha kuna baraza la kada zilizobaki: watu wa maabara za hospitali, maafisa tabibu (wale tunaowaita klinikal ofisa), watu wa mionzi, wa tiba ya viungo na wengineo. Ukitaka kumgusa mgonjwa, au kugusa damu yake na kutia sahihi kwenye majibu, lazima mojawapo ya mabaraza haya likutambue.

Hapa ndipo wengi huumia, kwa hiyo nitalisema polepole. Mtu mwenye digrii ya biolojia, hata awe wa kwanza darasani, hasajiliwi kuwa mtu wa maabara ya hospitali kwa digrii hiyo. Aliyesoma diploma ya maabara ya tiba anaweza kukaa kwenye kituo cha afya cha daraja la III, akasoma slaidi ya malaria na kuandika jibu. Wewe uliyesoma vimelea vya malaria mihula miwili mizima huruhusiwi. Inauma, lakini ina maana: yeye amefundishwa mgonjwa, wewe umefundishwa kiumbe. Kama maabara ya hospitali ndiyo ndoto yako, tafuta digrii au diploma ya fani hiyo, na kabla hujalipa hata shilingi piga simu kwenye baraza uwaulize kama kozi ya chuo hicho wanaitambua. Usimuulize mtu wa udahili wa chuo. Yeye anauza.

Upande wa pili, usio na leseni, ni mpana kuliko watu wanavyodhani. Taasisi ya utafiti wa virusi pale Entebbe ilianzishwa 1936 kwa ajili ya homa ya manjano. Mwaka 1947 watafiti wake walikuta virusi vipya kwa kima waliyemweka juu ya jukwaa katika msitu wa Zika, na mwaka uliofuata wakavipata kwa mbu wa msitu huohuo. Kupanda mitini usiku kukamata mbu, kuwatambua aina kwa aina, kuandika saa na kimo: hiyo ni biolojia tupu, na mpaka leo inahitaji watu. Kuna vituo vya utafiti wa tiba kama JCRC kule Lubowa na Infectious Diseases Institute pale Mulago. Kuna Mamlaka ya Dawa, Shirika la Viwango, maabara za maji za National Water, viwanda vya dawa vinavyotaka mtu wa kupima kama dawa ya maji ina vijidudu. Kuna miradi ya afya inayotafuta wasimamizi wa takwimu. Na kuna ualimu, ingawa kwa huo utahitaji pia diploma ya elimu.

Chukua karatasi. Andika kazi tatu unazozitaka, na mbele ya kila moja andika "baraza" au "hakuna baraza". Kama zote tatu zina baraza, digrii ya biolojia siyo yako. Tafuta kozi nyingine katika hatua ya 2 na ya 3.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya pointi mwenyewe

Usingoje mtu akupigie. Vyuo vya umma havijumlishi tu herufi zako. Katika masomo makuu A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2 na O ni 1. Halafu kila kozi inayapa masomo uzito: yale ya lazima kabisa huzidishwa kwa 3, linalofuata huzidishwa kwa 2, na General Paper (mtihani wa maarifa ya jumla) pamoja na somo dogo (hesabu au kompyuta) hupata uzito wa 1. Matokeo ya S4 (kidato cha nne) nayo huongeza vipande vya desimali. Wasichana huongezewa 1.5 kwenye vyuo vya umma.

Tazama watoto wawili wenye herufi zilezile wanaoomba udaktari Makerere, ambako biolojia na kemia ndizo zenye uzito wa 3. Wa kwanza ana A ya biolojia, B ya kemia, C ya fizikia: 18 na 15 na 8, jumla 41. Wa pili ana A ya fizikia, B ya kemia, C ya biolojia: 12 na 15 na 12, jumla 39. Cheti cha pili kinapendeza vilevile ukutani, ila kwenye kompyuta ya udahili pointi mbili ni foleni ya watu wengi sana. Na wote wawili wako mbali na udaktari wa kulipiwa na serikali, maana A tatu peke yake ni 48, na wanaogombania nafasi hizo huwa karibu na hapo.

Uzito unabadilika kozi kwa kozi, kwa hiyo piga hesabu upya kwa kila kozi unayoandika kwenye fomu. Nafasi za serikali ni takriban 4,000 kwa mwaka kwa nchi nzima, masomo yote, na sehemu yake hugawiwa kwa wilaya. Fomu inakupa chaguo kadhaa, na mpangilio ni akili: usiandike udaktari, ufamasia, udaktari wa meno, kisha biolojia mwisho kama kiraka. Kati ya udaktari na biolojia kuna uuguzi wa digrii (miaka 4), afya ya mazingira (miaka 3 pale Makerere), maabara, optometria (upimaji wa macho). Watu huviruka kwa sababu ya majina. Sijawahi kumwona muuguzi wa digrii akikaa nyumbani muda mrefu kama nilivyokaa mimi.

Usifikirie Makerere peke yake pia. Mbarara wanafundisha udaktari tangu 1989, Gulu wana wao, Busitema wana kampasi yao ya tiba Mbale, Kabale na Soroti wapo. Kwa uuguzi kuna Lira na Muni kule Arua. Upande wa vyuo binafsi kuna chuo cha Kiislamu chenye shule ya udaktari Kibuli, na Kampala International wana kampasi Ishaka.

Kuhusu fedha: bodi ya mikopo ya elimu ya juu, iliyowekwa na sheria ya 2014, inawapa kipaumbele watu wa sayansi. Inalipa ada ya chuo, siyo chumba wala chakula. Angalia kama kozi yako imo kwenye orodha yao ya mwaka huo, na uombe mapema, kwa sababu wanataka barua za mwenyekiti wa LC (serikali ya mtaa) na makaratasi mengine yanayochukua muda.

Hatua ya 3: Kama njia ya mbele imefungwa

Diploma si aibu. Vyuo vya maafisa tabibu vipo Mbale, Gulu, Fort Portal na kwingineko. Miaka mitatu, unatoka na sifa ya kusajiliwa, unaanza kula mshahara, na baadaye vyuo vina nafasi chache za udaktari kwa wenye diploma nzuri. Ni njia ndefu ila kila kituo kina mlo wake. Mwenye umri wa miaka 25 na zaidi anaweza pia kuingia chuoni kwa mtihani wa watu wazima.

Ndugu zetu mliotoka Kongo, mlioko Nakivale, Kyangwali au Rwamwanja: Diplôme d'État yako inakubalika, lakini ni lazima UNEB (baraza la mitihani) wakulinganishie kwanza na vyeti vya huku, na wanataka tafsiri ya Kiingereza. Lianze hilo miezi kabla ya fomu. Na kuna ufadhili wa DAFI wa UNHCR kwa ajili ya wakimbizi. Ushindani ni mkali, na anayefika na vyeti vilivyokwisha kulinganishwa amewatangulia wengi.

Hatua ya 4: Kibali

Ingia kwenye tovuti ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, utafute kozi yenyewe. Chuo kuwa na kibali hakutoshi. Mwaka 2023 lilizuka zogo kubwa orodha ilipoonyesha kozi nyingi ambazo muda wake wa kibali umekwisha, hata kwenye vyuo vikubwa. Dakika tano.

Hatua ya 5: Mwaka wa kwanza ndio unaofunga hesabu

Biolojia ya chuo siyo ya kukariri sehemu za ua. Kitu kitakachokuangusha ni kemia, hasa ya kaboni (organic), na takwimu. Niliwaona wenzangu waliokuwa na A za biolojia wakirudia somo la takwimu mara mbili. Nami takwimu nilizichukia, nikachagua masomo ya hiari kwa kufuata marafiki, na mwaka ule nikamaliza na wastani wa 2.9.

Kwa wastani unaohesabiwa juu ya 5, daraja la kwanza linaanzia 4.40, daraja la pili la juu 3.60, la pili la chini 2.80. Ufadhili wa shahada ya pili mara nyingi unataka angalau lile la pili la juu. Sasa hesabu: ukiwa na 2.9 mwaka wa kwanza, na miaka mitatu ikiwa na uzito sawa, ili ufike 3.60 unahitaji 3.95 kwa miaka miwili yote iliyobaki, bila kuteleza. Aliyeanza na 3.6 anahitaji kuendelea tu kama alivyo.

Kwa hiyo muhula wa kwanza hudhuria kila kipindi cha kemia, na takwimu zifanye kwa mikono kabla ya kuzifanya kwa kompyuta. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua baiokemia, mikrobiolojia, jenetiki, kinga ya mwili na somo lolote lenye takwimu ndani. Wadudu pia: hapa kwetu, penye malaria, mtu anayejua mbu hakosi mlango wa kubisha. Programu ya takwimu iitwayo R haiuzwi, inapakuliwa bure. Jifunze likizo ya kwanza, hata kwa kompyuta ya kuazima.

Hatua ya 6: Fundisha mikono

Chuo nilichosoma hakikuwa na vifaa vya kutosha. Kundi letu lilikuwa watu zaidi ya thelathini, pipeti mbili (kifaa cha kunyonyea na kupimia maji kidogo), na mtumishi wa maabara aliyefunga mlango saa kumi kamili. Wawili watatu hodari walifanya jaribio, sisi wengine tulinakili. Nilimaliza mwaka wa pili sijawahi kushika pipeti kwa zaidi ya dakika moja, na ripoti zangu zote zina alama nzuri.

Nikaenda kwenye mazoezi ya kazi, maabara ya utafiti, siku ya pili. Nikaambiwa nizimue sampuli ya maji mara kumi, mara kumi, mpaka mrija wa tano: unachukua mikrolita 100, unatia kwenye 900 za maji safi, unachanganya, unachukua 100 za huo, unaendelea. Kitufe cha pipeti kina vituo viwili. Ukibonyeza kidogo kinagota, hicho ndicho kituo cha kwanza, na ndicho kipimo chako. Ukisukuma zaidi kinagota tena, hicho ni cha kutemea tone la mwisho tu. Mimi nilibonyeza mpaka chini kabisa ndipo nikavuta. Kila mrija nikautia zaidi ya kipimo, na kosa likajizidisha mrija kwa mrija. Kesho yake sahani ambayo ilitakiwa kuwa na makoloni (vidoa vya bakteria) ya kuhesabika, kati ya 30 na 300, ilikuwa zulia. Bwana mmoja mzee wa maabara aliitazama, akanitazama, akasema, "Mwanangu, nani alikufundisha?" Sikuwa na jina la kutaja.

Akanipa dawa yake, nami nawapa. Omba mizani ndogo na kikombe cha maji. Mikrolita 1,000 za maji zina uzito wa karibu gramu 1, hivyo mikrolita 100 ziwe gramu 0.1. Bonyeza hadi kituo cha kwanza, chovya ncha kidogo tu, achia kidole polepole, tia kwenye mizani, soma. Mara kumi. Kama namba zinarukaruka, bado. Siku zitakapokuwa zinafanana mara kumi mfululizo, una ujuzi ambao cheti hakiuonyeshi na mwajiri ataugundua ndani ya saa moja.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ipate kabla ya kuingia maabara yoyote yenye damu. Dozi ni tatu, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza, kwa hiyo anayeanza wiki ya mazoezi amechelewa. Pima kwanza, ndipo uchanjwe.

Nafasi ya mazoezi itafute Januari kama unaihitaji Juni. Peleka barua kwa mkono, uache namba ya simu, urudi baada ya wiki mbili. Barua pepe peke yake inalala.

Na jambo moja watu hulidharau: Kiswahili chako. Kampala bado wapo wanaokiona lugha ya askari na wezi, wacha waseme. Utafiti wowote unaohusu watu unataka fomu ya ridhaa katika lugha anayoielewa mshiriki, na kwenye kambi za wakimbizi, mpakani Busia, au West Nile, lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa haikuwa ya pipeti. Ilikuwa ni kumsomea mama mmoja fomu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akauliza, "Kwa hiyo damu yangu mtaipeleka wapi?" Mtafiti mkuu hakuwa amefikiria kwamba hilo halikueleweka. Andika Kiswahili kwenye wasifu wako wa kazi, juu, si chini na "kusoma na kusafiri".

Hatua ya 7: Mradi wa mwaka wa mwisho

Chagua mada mwishoni mwa mwaka wa pili. Ukigusa damu, choo au hata majibu ya maswali kutoka kwa watu, unahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, na hiyo inaweza kula muhula mzima. Kama msimamizi wako hana mradi uliokwisha kupata idhini, chukua kitu kisicho mtu. Maji ya chemchemi za mjini ni mada isiyoisha: chota asubuhi na jioni, kabla na baada ya mvua, pima E. koli (bakteria wa kinyesi), linganisha. Ni afya ya jamii tosha.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la maabara liwe la kushonwa, kalamu ya wino, tarehe kila ukurasa, na kosa likatwe kwa mstari mmoja ili lisomeke. Kwenye usaili wangu wa kazi ya sasa niliulizwa maswali manne tu, kisha wakaomba kuliona daftari.

Hatua ya 8: Baada ya digrii

Njia kuu ni shahada ya pili: mikrobiolojia, kinga ya mwili, baiolojia ya molekuli, epidemiolojia. Fanya kazi kwanza mwaka au miwili, hata ya posho, maana ufadhili hutafuta mtu aliyekwisha kuchafua mikono. Udaktari kama digrii ya pili unawezekana. Vyuo hupokea maombi ya wenye digrii. Ila unaanza mwaka wa kwanza, mara nyingi kwa pesa yako, na nafasi ni za kuhesabu kwa vidole. Nenda kama unautaka udaktari kweli. Kama ni kwa ajili ya kumfunga mdomo mjomba, miaka 6 ni mingi.

Mwisho, majina. Mtoto wa kambini aliandikishwa shule na mwalimu aliyesikia vibaya: cheti cha S4 kinasema Amina, cha S6 Aminah, kitambulisho cha taifa kina jina la babu katikati. Siku ya usajili, ya mkopo na ya pasipoti ya ufadhili, hao ni watu watatu. Viweke vyeti vyote mezani leo jioni, vilinganishe herufi kwa herufi, na kama kuna tofauti anza kiapo cha mwanasheria wiki hii, maana NIRA (watu wa vitambulisho) na UNEB hawajui kwamba wewe una haraka.